Mtalii si Mzungu pekee: Wawili wa Kawangware 46 na wikendi ya mlima, makasia na hema

WAKAZI wa Kawangware 46 wakiwaona mume na mke wakitoka kwenye ploti adhuhuri ya Jumamosi, kila mmoja amebeba begi kubwa mgongoni, wazo linalowajia kwanza si utalii. Huenda wawili hao wamefurushwa na mwenye nyumba. Huenda wanatoroka kodi. Huenda wamepokea habari za tanzia kutoka mashambani. Msimamizi wa ploti naye husogea langoni kwa kisingizio cha kufagia, akikagua kwa pembe ya jicho iwapo godoro limo miongoni mwa mizigo.

"Mama Shiru, mnahama bila kutuaga?" jirani atauliza.

Akijibiwa kwamba hawahami bali wanaenda kulala kwenye hema kando ya ziwa, ataangua kicheko. Mtu aliye na nyumba yenye paa, hata likiwa la mabati, ana haja gani ya kulipa ili akalale chini ya kitambaa?

Swali hilo si la kipuuzi, na makala haya yanajaribu kulijibu. Matembezi ya mlimani, kupiga makasia na kupiga kambi yamekuwa yakivutia Wakenya wa kipato cha chini na cha kati kwa miaka kadhaa sasa, hasa baada ya Aprili hadi Julai 2020, wakati ambapo watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi kutokana na ugonjwa wa Covid-19. Zuio lilipoondolewa, vikundi vya watembeaji viliongezeka katika mitandao ya kijamii. Wengi wa wanaojiunga navyo ni vijana wawili wawili: wachumba, waliooana jana, au wanaoishi pamoja huku mahari ikisubiri.

Hata hivyo, mchezo huu una pande mbili. Kwa upande mmoja, wawili wanaoishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, chumba hicho hicho kikiwa jiko, sebule na malazi, hupata nafasi ya kusemezana bila redio ya jirani kuwajibia. Kwa upande wa pili, mito na mabonde wanayoyaendea yamewahi kuua watu, na si watu wa mbali bali Wanairobi waliotoka nyumbani asubuhi wakiwa na chapati na soda. Kujua tofauti kati ya pande hizo mbili ndilo jambo la msingi.

Mzigo ulibebwa zamani

Dhana kwamba kutembea na mzigo mgongoni na kulala hemani ni mambo ya kizungu haina msingi wa kihistoria. Kawangware imo katika Dagoretti, na Dagoretti ilikuwa mahali pa kupiga kambi kabla ya Nairobi kuwepo. Mnamo 1890 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikisaka njia ya kwenda Uganda, alijenga ngome huko baada ya kuafikiana na Waiyaki wa Hinga. Misafara iliyotoka pwani ilituama katika nchi hiyo ya Wakikuyu kununua chakula. Maafikiano hayakudumu, Waiyaki alikamatwa na kufariki Kibwezi mwaka wa 1892 akipelekwa pwani. Leo barabara kuu inayopita kaskazini mwa Kawangware ina jina la ukoo wake.

Misafara hiyo ilibebwa na nani? Na wapagazi, wengi wao Waswahili na Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Ndio walioieneza lugha hii ninayoandikia hadi bara. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwasajili Waafrika kwa maelfu mengi kubeba mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu waliangamia kwa maradhi na njaa, na mtaa wa Kariokor mjini Nairobi umebaki na jina la kikosi chao.

Kwa hivyo, picha ya Mzungu wa safari akiwa na mpenzi wake kambini, kama vile Karen Blixen kutoka Denmark na Denys Finch Hatton ambaye ndege yake ilianguka Voi Mei 1931 na akazikwa katika Milima ya Ngong, ni nusu tu ya picha. Nusu ya pili ni watu waliosimamisha hema, wakachota maji na kuwasha moto, kisha majina yao hayakuandikwa. Mjukuu wao anayejibebea begi lake mwenyewe, kwa hiari na kwa raha zake, haigi mtu yeyote.

(Waandishi wa Kiswahili bado tunatapatapa kuhusu jina la mchezo huu. Tunalo neno shanta, mfuko wa mgongoni ambao wazee waliouzoea ni wale waliokuwa askari, lakini vijana wanasema begi na mambo yanakwenda. Nitayatumia yote mawili.)

Wikendi ya saa 29

Kitu cha kwanza anachopaswa kukihesabu mkazi wa Kawangware si fedha bali saa. Wengi wa wafanyao kazi ya ujenzi, ulinzi, ususi, udobi na utunzaji wa nyumba katika mitaa jirani ya Lavington na Kileleshwa huenda kazini Jumamosi asubuhi. Wikendi yao huanza saa saba mchana na kwisha Jumapili saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa 29. Ukitoa usingizi na usafiri, zinasalia saa 14 au 15 za kuwa huru. Safari yoyote isiyotoshea humo ni ya likizo, na wanaoilazimisha ndio wanaokutwa na giza mlimani.

Mahali panapotoshea ni pachache, lakini si haba. Matatu za nambari 46, ambazo ndizo zilizokipa kituo jina, huelekea katikati mwa jiji kupitia Hurlingham; mtu wa safari hizi mara nyingi hazihitaji. Barabara ya Naivasha inayopenya Kawangware ndiyo ufunguo. Ukishuka nayo kuelekea Dagoretti Corner, unapata matatu za nambari 111 za kwenda Ngong. Ukipanda nayo upande wa pili, unaikuta Waiyaki Way na magari ya Bonde la Ufa. Mkazi wa Buruburu angetumia saa nzima au zaidi katika msongamano kabla ya kufika ulipoanzia wewe.

Kabla ya yote, ni busara kujipima karibu na nyumbani. Msitu wa Karura, wenye hekta 1,041, umezungushiwa ua na una njia zilizopigwa alama. Msitu huo upo leo kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa na wahuni Januari 1999 wakizuia ardhi yake isigawiwe wajenzi. Wawili wanaoweza kutembea humo kilomita 12 wakiwa na mabegi yaliyojaa, bila kununiana, wako tayari kwa mlima.

Uzito, viatu na soko la Toi

Kuhusu uzito, mkazi wa Kawangware ana kipimo ambacho mtu wa mitaa ya kifahari hana: mtungi wa maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba begi la safari lisizidi moja kwa tano ya uzito wa mbebaji. Mwanamke wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12, yaani mtungi uliojaa kupita nusu kidogo tu. Mwanamume wa kilo 70 asizidishe kilo 14. Anayesema begi lake ni jepesi na alinyanyue kwanza, kisha alinyanyue tena baada ya kutembea kilomita tano.

Ubora wa begi haupo kwenye nembo bali kwenye mkanda wa kiunoni. Bega ni mfupa mdogo. Nyonga ni mifupa mikubwa iliyoumbwa kubeba mwili mzima. Mkanda ukifungwa vizuri juu ya nyonga, sehemu kubwa ya mzigo huhamia huko na mikanda ya begani hubaki kuzuia begi lisiyumbe tu. Wanawake wa Mlima Kenya waliobeba kuni kwa ukanda wa ngozi kipajini waliielewa hesabu hiyo hiyo kwa njia nyingine: tafuta mfupa unaoweza kubeba. Vitu vizito, kama vile maji na chakula, viwekwe katikati na karibu na uti wa mgongo. Vikiwekwa mbali na mwili vinamvuta mtu nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Vifaa hivi si lazima vitoke kwenye maduka makubwa. Soko la Toi, lililo ukingoni mwa Kibera karibu na Adams Arcade, limeteketea zaidi ya mara moja, ikiwemo wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na kila mara wauzaji wamerudi. Katika mitumba yake hupatikana mabegi, majaketi ya mvua na viatu vya mlimani vilivyovaliwa msimu mmoja Ulaya. Pinda soli ya kiatu kabla ya kulipa: soli iliyokaa ghalani miaka mingi huwa ngumu, na gundi yake huachilia katikati ya safari. Hema ni afadhali kukodi mara ya kwanza, kwa kuwa kambi nyingi hukodisha, kuliko kununua kitu usichojua kama utakirudia.

Ngong na Longonot

Milima ya Ngong ndiyo darasa la kwanza. Kilele chake cha juu zaidi, Lamwia, kina urefu wa mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na ukiwa mgongoni mwake unaona jiji upande mmoja na Bonde la Ufa upande mwingine. Njia inayopanda na kushuka vilima hadi Kona Baridi huchukua saa nne au tano. Upepo wake ni mkali kiasi kwamba mitambo ya kuzalisha umeme ilianza kusimamishwa hapo mnamo 1993. Jaketi si pambo.

Tatizo la Ngong limekuwa usalama. Watembeaji wamewahi kuporwa katika vilima vya mbali, na ndiyo sababu Shirika la Huduma za Misitu Kenya huwa na askari wanaoweza kuwasindikiza wageni kwa malipo. Wawili wasiende pekee. Wajiunge na kikundi au wachangie askari na wengine langoni.

Longonot ni mtihani mkubwa zaidi. Volkeno hiyo yenye mita 2,776 ilifanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkeno ni kilomita 3.1, na kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, anayekamilisha yote na kurudi langoni huwa ametembea kilomita zipatazo 13 na nusu. Udongo wake ni wa majivu ya volkeno. Kiangazi huwa vumbi linaloteleza kama unga, masika huwa matope ndani ya mifereji inayofika kiunoni. Mlimani hakuna maji hata tone. Lita mbili kwa kila mtu ni kiwango cha chini.

Anayekwenda huko aulize kondakta gari linapitia wapi, kwa sababu magari mengi ya Naivasha hutumia barabara ya juu ya Kinungi, na hayo yatakupitisha mbali na mlima. Panda linaloshuka kupitia Mai Mahiu. Mteremkoni utaliona kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano mwaka wa 1942. Eneo hilo ndilo lililokumbwa na maafa alfajiri ya Aprili 29, 2024, pale maji yaliyokuwa yamezuiliwa chini ya tuta la reli kuukuu yalipofumuka na kusomba vijiji. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha.

Maji hayana rafiki

Maafa ya Mai Mahiu yanatuingiza katika suala zito zaidi la makala haya. Kwa kawaida mvua inayoua mtembeaji si ile inayomnyeshea. Ni ile iliyonyesha mahali pengine. Katika mbuga ya Hell's Gate, jirani na Longonot, maji yamechonga korongo jembamba la Ol Njorowa ambalo wageni hulishukia kwa miguu. Kuta zake ni ndefu na njia za kutokea ni chache. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta humo vijana wa kanisa moja la Nairobi waliokuwa kwenye matembezi, na baadhi yao wakafa. Septemba 1, 2019, hali hiyo hiyo ilijirudia na watu saba wakafa, akiwemo kiongozi wa watalii. Korongo likafungwa kwa muda.

Mei 1, 2024, Mto Talek katika Maasai Mara ulivunja kingo usiku, ukafurika kambi kadhaa, na zaidi ya watu 90 wakaokolewa kwa helikopta na kwa magari. Hema lililosimamishwa mahali pazuri pa kutazama mto ndilo hema lililosimamishwa mahali pabaya pa kulala. Tazama matawi na takataka zilizonasa kwenye vichaka: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Lala juu ya alama hiyo.

Ama kuhusu makasia, mkazi wa Kawangware na wa Kibera ana kisa kinachostahili kusimuliwa bila kukatizwa. Tulikuwa na ziwa letu. Bwawa la Nairobi, lenye ekari 88, lilikamilishwa mnamo 1953 ili liwe akiba ya maji ya jiji. Liko kusini mwa Kibera, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kawangware 46. Kwa miaka mingi lilikuwa na klabu ya mashua za tanga, wavuvi na watu wa kupiga makasia. Anayelitazama leo kutoka Lang'ata haoni maji. Huona uwanja wa kijani wa magugu-maji, na pembezoni mwake mashamba madogo yaliyolimwa juu ya tope la majitaka yanayoteremka na Mto Motoine kupitia mitaa isiyo na mifereji. Ahadi za kulisafisha zimetolewa na serikali moja baada ya nyingine. Wazazi waliokuwa vijana miaka ya sabini na themanini wanakumbuka pia mashua za kukodi katika kidimbwi cha bustani ya Uhuru, ambapo kijana asiye na gari angeweza kumzungusha mchumba wake kwa shilingi chache. Kupiga makasia hakukuwa anasa ya watu wa mbali. Kulihamishwa kukawa mbali.

Kwa sababu hiyo, vijana wengi wa mitaa hii hufika ziwani wakiwa na miaka 25 au 30 bila kuwahi kutumbukia kwenye maji yanayozidi kifua. Mabwawa ya kuogelea yamo nyuma ya kuta za hoteli na shule. Aibu ya kukiri hali hiyo mbele ya mpenzi ni hatari kuliko maji yenyewe. Semeni mapema. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kukanyaga chombo, lifungwe hadi mkono wa mwenzio ushindwe kulivuta likapita masikio. Jaketi lililolegea humwacha mvaaji na kuelea peke yake. Mwenye chombo asiyekuwa na majaketi ya kutosha asipewe hata senti.

Ziwa Naivasha, lililo kama mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ndilo linalofaa wikendi ya saa 29, kwa kuwa kambi nyingi za bei nafuu zimo kando ya barabara ya Moi South Lake. Maji yake ni baridi, na yana ratiba: asubuhi hutulia kama kioo, alasiri upepo huvuma na kuinua mawimbi yanayojaza mtumbwi mdogo. Ingieni saa moja au saa mbili asubuhi na mtoke kabla ya saa tano.

Kisha kuna kiboko. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hilo alipokuwa akimpiga picha, na wavuvi wa Naivasha wamepoteza wenzao mara nyingi kuliko magazeti yanavyoripoti. Mnyama huyo hushinda majini mchana na kutoka usiku kula nyasi. Akitishwa hukimbilia majini, na aliyesimama katikati ya njia hiyo hana bahati. Ndiyo maana kambi za ziwani zina ua wa umeme. Usiuvuke usiku hata ukiambiwa mbalamwezi inapendeza upande wa pili. Mkiwa ndani ya mtumbwi, kaeni mbali na matete na mwende na kiongozi anayejua makundi ya viboko yalipo siku hiyo.

Kuhusu uendeshaji, watu wa pwani wametupa maneno mawili yanayomaliza ugomvi: omo na tezi. Aliye omo, yaani mbele, ndiye anayeweka mwendo. Wa nyuma hufuata pigo lake. Aliye tezi ndiye anayeelekeza, kwa kulikokota kafi kidogo upande mmoja baada ya kupiga. Wanaume wengi hukaa mbele ili waonekane, kisha hulaumu aliye nyuma kwa kila kona. Mwenye subira zaidi akae tezi, awe mke au mume. Huko ng'ambo chombo cha watu wawili kimepewa jina la utani la mashua ya talaka, na aliyewahi kuwatazama wanandoa wakizunguka mahali pamoja mbele ya wavuvi wa Naivasha haulizi sababu.

Wanaotaka maji makali huenda Sagana, umbali wa kama kilomita 100 kwenye barabara ya Nyeri, ambako Mto Tana huteremka na maji ya Mlima Kenya na Aberdare. Maporomoko ya mito hupangwa kimataifa kwa madaraja sita: la kwanza ni maji yanayotembea tu, la sita ni mahali ambapo hata bingwa hutafuta njia ya kupita nchi kavu. Muulize kiongozi daraja la siku hiyo, kwa sababu mto ule ule hupanda daraja mvua inaponyesha. Ukianguka majini, lala chali na utangulize miguu. Usijaribu kusimama mahali penye mkondo mkali, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi. Jirani zetu wa Jinja, Uganda, walioanza kupeleka watalii katika maporomoko ya Mto Nile mwaka wa 1996, wameshuhudia baadhi yake yakifunikwa na mabwawa ya umeme ya Bujagali mnamo 2012 na Isimba mnamo 2019. Tana nayo ina mabwawa yake upande wa chini.

Usiku hemani

Baridi ya hemani hutoka chini. Blanketi tatu juu na nyasi tupu chini hazifui dafu kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mkeka wa sponji, au hata katoni zilizotandazwa mara mbili, hufanya kazi kubwa kuliko shuka ya pili.

Hapa pana onyo ambalo halina mzaha. Asiingize mtu jiko la makaa ndani ya hema, hata kama limebaki na majivu mekundu tu. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia za mitaa ya mabanda zilizolala na jiko ndani ya chumba kisicho na dirisha na hazikuamka. Hewa ya sumu inayotokana na makaa haina harufu wala rangi, na hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo kuliko vyote. Hali kadhalika, acheni upenyo juu ya hema. Pumzi za watu wawili hugeuka matone kwenye kitambaa, na alfajiri wawili hao huamka wakidhani mvua imenyesha.

Sheria nazo zina mambo mawili. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji za dukani, sahani na vijiko, zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa nchini Kenya. Beba chupa ya kudumu. Pili, beba kitambulisho cha taifa. Hicho ndicho kinachomtofautisha mwananchi na mgeni langoni mwa mbuga, na ada ya mgeni huwa kubwa mara nyingi zaidi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hupokea malipo kwa mtandao wa eCitizen wala si kwa fedha taslimu, kwa hivyo lipeni mapema, simu ikiwa bado na chaji.

Jumapili ondokeni Naivasha kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya hapo nauli hupanda na magari hujaa wanaorejea kazini, na wenye mabegi makubwa huambiwa walipie kiti cha tatu. Mkifika nyumbani, hata mkiwa hoi, litandazeni hema kwenye kamba ya nguo ya ploti kabla ya kulala. Likikunjwa na unyevu, kwa juma moja tu litakuwa limeota kuvu, na mwenye kulikodisha hatakubali kwamba mlilichukua likiwa hivyo.